Naomba Kuondoa Ulinzi

Jumatatu, 4 Machi

Imegoma tena. Nimechomeka flashi yenye Linux, ule mfumo wa bure ninaoutumia siku zote, nikawasha, ikaniletea maandishi mekundu: haitambuliki, hairuhusiwi. Kompyuta mpya, hata plastiki ya kwenye kifuniko haijabanduliwa, na tayari inanipangia nitumie nini.

Ile ya zamani iliungua umeme uliporudi kwa nguvu. Wanakwaya wa Tengeru wakachanga wakanunua hii. Nashukuru. Ila kisanduku chetu cha kurekodia, kile tunachochomekea maikrofoni, ni cha kale, na mfumo uliokuja na kompyuta haukijui. Nimejaribu kila njia. Linux inakijua miaka yote.

Ijumaa Mama Elirehema anapasuliwa koo. Daktari hakumficha: sauti inaweza isirudi. Yeye ndiye anayetuanzishia nyimbo zote za Kimeru, na hakuna hata mmoja tuliorekodi vizuri. Kila mwaka tunasema mwakani. Mwisho wetu sasa ni Alhamisi. Naogopa.

Jumanne, 5 Machi

Dukani mjini. Fundi kanieleza kama anafundisha mtoto wa chekechea. Kuna ulinzi wa kuwashia: kompyuta inaukagua mfumo kabla haijaamka, na usio na muhuri inaoutambua unafungiwa nje. Unaweza kuzimwa kwenye mipangilio ya ndani. Lakini huko ndani duka limeweka neno la siri, eti wateja wanaharibu. Hafungui mpaka mnunuzi mwenyewe aruhusu. Na akifungua, waranti imekufa.

Nikamuuliza kompyuta ni ya nani. Akacheka. Nimekichukia kile kicheko. Mtu ukinunua nyumba, dalali habaki na ufunguo wa chumbani kwako.

Mnunuzi ni Mzee Kaaya, mwenyekiti wa kwaya. Yuko Moshi msibani, simu inakatikakatika. Nikamtumia meseji: "Shikamoo Mzee. Naomba ruhusa kuondoa ulinzi ili kazi ya Alhamisi iende. Neema."

Jioni kajibu: "Marahaba mwanangu. Kama ndivyo unavyoona, sawa. Nimeshampigia."

Afadhali. Kesho asubuhi kwa fundi. Nitalala.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbaya.

Fundi hajapigiwa na mtu. Kaniangalia kama tapeli. Mzee hapatikani. Nikiwa bado kaunta, simu ya katibu wa kwaya: njoo Tengeru, chumba chetu cha mazoezi kimevunjwa.

Kufuli chini. Spika kubwa hakuna. Birika la chai hakuna. Mlinzi wetu, Lemburis, hakuwepo. Kaja baadaye na rungu lake, amekasirika kuliko sisi wote. Kumbe jana Mzee alimpigia: baki nyumbani, Neema ameomba ulinzi uondolewe.

Meseji yangu! Mimi na kompyuta zangu. Hapa kwetu ulinzi ni mtu mwenye tochi, tena ana jina.

"Dada, mimi nimekukosea nini?" Lemburis aliniuliza hivyo mbele ya watu. Nilimweleza. Sidhani kama alinielewa. Aliniitikia tu na kwenda kuokota vipande vya kufuli.

Kisanduku nilikikuta chini ya meza, na vumbi lake. Wezi nao hawakukitambua.

Mchana Mzee akapatikana. Alifoka mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Alipopumua nikasema: ulinzi wa kwenye kompyuta, Mzee. Akauliza taratibu: "Kwani kompyuta nayo ina mlinzi?" Nikamwambia anaye, ila anapokea amri za watu wengine, si zetu. "Basi huyo ndiye aondoke!"

Akampigia fundi. Nimerudi mjini na kisanduku kwapani, nimesaini kwamba waranti basi, fundi akaandika neno lake huku kanigeuzia mgongo. Nikamlazimisha alifute kabisa. Ulinzi ukazimwa, Linux ikawaka. Nikachomeka kisanduku, taa ikawa ya kijani. Nimelia pale pale kaunta, aibu tupu.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua tangu asubuhi. Inavyopiga juu ya bati la chumba chetu, huwezi kurekodi kitu. Tumekaa tunaangalia dari kama wajinga. Halafu umeme ukakatika, tukabaki na betri. Mama Elirehema amejifunga kitenge shingoni, haongei, anaitunza sauti. Nilikuwa naitazama alama ya betri inavyoshuka.

Mvua ilipopungua nikampa ishara kwa kidole. Akaimba. Ule wa mavuno, ule wa kuaga maiti, ule ambao sote tunaufuatisha bila kuujua mwanzo wake. Sauti ilikwaruza, akaishika. Wa mwisho ulikwisha na mvua ikaanza upya.

Lemburis alisimama mlangoni muda wote, akizuia watoto na kuku. Hajanisemesha tangu jana.

Nimesikiliza nyumbani Kimandolu. Katikati ya wimbo wa mwisho kuna mtu kakohoa. Kikohozi hakifutiki bila kumkata Mama. Nimeudhika sana.

Jumapili, 10 Machi

Nimetoka hospitali. Mama Elirehema ana bendeji shingoni na haruhusiwi kutoa sauti. Daktari anasema tusubiri, basi.

Nimekwenda na kompyuta. Nikamvisha spika za masikioni. Alisikiliza amefumba macho, midomo inafuata. Nilitazama dirishani, sikuweza kumwangalia.

Wimbo wa mwisho ulipofika akafumbua macho, akaomba kalamu. Akaandika: Nani anakohoa?

Nikamwambia ni Lemburis, alikuwa mlangoni, nitatafuta namna ya kumtoa.

Akatikisa kichwa. Akaandika tena, polepole: Mwache alinde.

Nimemwacha.