Saruji Mikononi mwa Baba

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili mchana.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo na uzazi? Shemeji naye hajambo? Mama anauliza kama mtoto ananyonya vizuri, na kama unapata usingizi au ndiyo mnakesha naye. Sisi tupo salama, ila Mama anakohoa kidogo. Anasema ni vumbi la kufagia, hataki kuitwa mgonjwa.

Mimi tangu nimalize shule nipo tu, nasaidia kazi za nyumbani huku nikisubiri majibu ya mtihani.

Dada, kwenye simu ulimuuliza Mama kama Baba ana kinyongo nawe, maana hajasema neno kuhusu mtoto, na wiki mnayokuja amepanga kwenda kupiga lipu mbali. Mama akageuza mazungumzo. Nilikuwa pale pale, lakini unanijua, nikishika simu ulimi unaganda. Ndiyo maana naandika.

Baba hana kinyongo. Anaogopa kumshika mtoto.

Mikono yake imeharibika. Ilianza kwa vipele katikati ya vidole, ikawasha, akajikuna mpaka ngozi ikapasuka na kutoa majimaji. Kazini fundi bomba akamtania, "Mzee, huo upele, sogea huko na sahani yako!" Wenzake wakacheka, na Baba akacheka nao, lakini tangu siku hiyo anakula peke yake. Hata hapa nyumbani ana kikombe chake na taulo lake. Ukimpa mkono, anakupa kiwiko. Kila jioni alikuwa anajisugua kwa mafuta ya taa na sabuni ya unga, eti anaua wadudu, kumbe ndiyo anaimaliza ngozi.

Mwishowe Mama alimburuza hospitali, nami nikawasindikiza. Daktari wa ngozi alimbandika mgongoni plasta ndogo ndogo, kila moja na kemikali yake. Zilipobanduliwa, ngozi ilikuwa imevimba chini ya plasta moja tu, ile yenye kromu, aina ya madini. Dada, ndani ya saruji mna chumvi za kromu. Saruji ikiwa mbichi zinapenya kwenye ngozi, na mwili ukishazikataa, hausahau. Ni mzio tu, hauambukizi hata chembe. Amepewa krimu ya steroidi ya kutuliza muwasho, apake kwa muda tu, na mafuta mazito yasiyo na manukato. Ameambiwa pia avae glavu za mpira kazini. Hizo anazilalamikia kila siku, anasema kupiga lipu na glavu ni kama kula umevaa soksi mkononi.

Mimi ndiye ninayempaka dawa. Mara ya kwanza alivuta mkono. "Acha, mwanangu, utakuja kujikuna na wewe."

Nikamwambia, "Baba, ingekuwa inaambukiza, kuta zote ulizopiga lipu zingekuwa zinajikuna."

Alicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuja kuona kuna nini. Kisha akaniachia mikono yote miwili. Sasa inapona, ngozi mpya inaota.

Ila kwa mtoto moyo wake bado haujakubali. Juzi nilimkuta ameshika ile picha mliyotuma, kaishika pembeni kabisa, kwa ncha za vidole. Akaniuliza, "Hivi ngozi ya mtoto mchanga ni laini kiasi gani?"

Nakuomba, Dada, njooni mapema kidogo, kabla hajaondoka. Usimwambie nimekuandikia. Wala usimwombe amshike mtoto, maana atatafuta sababu. Wewe ingia, sema safari imekuchosha, umwekee mtoto mikononi, halafu nenda zako ukanawe uso. Usiwe na haraka ya kurudi.

Nisalimie shemeji na mama mkwe wako. Mama anakusalimu sana. Mdogo wetu wa kiume naye anakusalimu, anataka kujua mtoto ataanza lini kumwita mjomba.

Mungu awashike mkono njia nzima, mfike salama wote watatu.

Mdogo wako akupendaye kuliko anavyoweza kusema kwenye simu,

Kimya