Kiti cha Kukwama

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zikukute umekaa, maana nakujua, barua ukiisoma umesimama unaruka mistari. Goti limeacha kukusumbua ukipanda ngazi? Shemeji hajambo? Na yule mdogo, meno ya mbele yameota au bado anacheka kwa kuziba mdomo? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakula, anatembea hadi uani na kurudi, na kwa majirani bado ana sauti yake ile ile. Mimi nashona.

Ujumbe wako niliupata. Umesema karatasi ya kampuni ya dada imekufikia, na kwamba utaitia saini Ijumaa kwa kuwa yule bwana alilia sana siku tulipomzika dada. Nakuomba usishike kalamu kabla hujafika mwisho wa barua hii. Ningekupigia, lakini siku hizi nikishika simu naona kinyaa, kama mtu aliyeokota sabuni yenye nywele za mwenzake.

Wewe uliondoka mapema, mengi ya dada hukuyaona. Unakumbuka tu yule msichana aliyefungua redio ya baba, akashindwa kuifunga, akachapwa, kesho yake akaifunga ikasema. Hukuwepo baba alipoanza kuchanganya vidonge vyake. Alikuwa na makopo mawili yanayofanana kama mapacha, na kusoma hakujui, basi cha asubuhi anakunywa jioni, cha jioni anakunywa mara mbili. Dada aliniambia nishone vifuniko vya kitambaa, cheupe cha asubuhi na cheusi cha jioni. Nikashona. Baadaye alikuwa akiwaambia wageni wake kwamba hiyo ndiyo ilikuwa programu ya kwanza ya kampuni, na aliyeiandika ni mimi. Watu wakicheka, yeye hacheki.

Vifuniko vilimsaidia baba miaka miwili. Baba alipofariki, dada alikuwa na meza chini ya ngazi ya jengo la wapiga chapa, anatengeneza simu mchana na jioni anasoma chuo. Hapo ndipo alipobuni huduma yake: mgonjwa anapigiwa simu saa ya dawa, anaambiwa kwa sauti ya mtu, kwa maneno anayoyaelewa, anywe nini. Alipoipeleka kwa mkuu mmoja wa hospitali, mkuu huyo alimtazama akamwambia akamwite bosi wake. Dada akatoka, akafunga mlango, akahesabu hadi kumi, akabisha hodi, akaingia tena na kumwambia kuwa bosi ameshafika. Alinisimulia huku ananisaidia kukunja vitambaa, tukacheka hadi vikakunjuka vyote.

Sauti zote ni zake. Studio hakuwa na uwezo nayo, basi alijifungia kabatini kwangu katikati ya makoti ya wateja, akarekodi humo akitoka jasho. Ule ujumbe wa asubuhi ukiusikiliza vizuri, kwa mbali unasikia cherehani yangu. Alikataa kuufuta, akasema mgonjwa akisikia kuna mtu anafanya kazi, atajua kumekucha.

Kampuni ikakua, ghorofa mbili, wafanyakazi thelathini, wauguzi watatu kwenye chumba chenye dirisha kwa ajili ya kupokea simu. Lakini sheria zake zilibaki mbili. Ya kwanza, mgonjwa asiambiwe hata siku moja kwamba amekosea. Ya pili ilikuwa mimi. Kila kitu kipya kabla ya kutoka kilijaribiwa na mimi, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mbao kando ya meza yake, na vijana wa kompyuta walikiita kiti cha kukwama. Unajua mimi na simu, vidole vyangu vimezoea sindano. Pale nilipokwama, walirekebisha. Kijana mmoja aliwahi kunong'ona kwamba labda tatizo ni huyu mama, si programu. Dada alimsikia, akamwambia mtu akijikwaa mlangoni usilaumu mguu, tazama kizingiti. Kaka, mimi sikuwahi kusifiwa shuleni hata siku moja. Kwenye kile kiti nilikuwa na maana kwa sababu ya uzito wangu ule ule.

Basi dada akaugua, wiki kumi na moja, akaenda. Hayo unayajua.

Aliyeshika nafasi yake ni huyo msaidizi wake aliyelia. Ofisini wanamwita Marashi, kwa sababu harufu yake hupanda ngazi kabla yake na hubaki kwenye kikombe ulichonywea. Alilia kweli, sikatai, na leso yake ilinuka vile vile. Siku saba baada ya maziko alikuja nyumbani na karatasi. Alisema ni ya kuhifadhi sauti ya marehemu isipotee, na kwa kuwa dada alituachia mimi na wewe haki zake, inahitaji saini zetu wote wawili. Alilitamka “marehemu” kama anayeonja mchuzi. Nilitia yangu. Sikusoma, macho yalikuwa yamejaa maji, na nani asiyetaka sauti ya dada yake ihifadhiwe.

Na ilihifadhiwa, Kaka, bila hata kungoja saini yako. Wameifundisha mashine. Sasa dada anasema maneno ambayo hakuyasema akiwa hai. Mwezi wa pili baada ya maziko, asubuhi, mama alipokea simu yake ya dawa kama kawaida. Anapenda kuijibu, huwa anamwambia nimekusikia mwanangu, na anakunywa. Siku hiyo dada alimaliza habari ya vidonge, halafu kwa sauti ile ile ya upole akamshauri mama yake mzazi anunue unga wa kuongeza nguvu za kiume. Mama alibaki ameshika glasi. Baadaye akaniuliza taratibu, kana kwamba ni yeye aliyefanya aibu, kama mtoto wake alikuwa akiuza vitu hivyo na sisi tukamficha.

Nilikwenda ofisini kulalamika. Chumba cha wauguzi kimekuwa ghala la mabango, aliyebaki ni mmoja, amewekwa kwenye kona karibu na choo. Marashi alinipokea kwa mikono miwili, akaniita mama mkubwa wa kampuni. Alinieleza kwamba matangazo ndiyo yanayoiweka huduma hai, na kwamba asiyeyataka yuko huru kujitoa. Niliomba nioneshwe njia ya kujitoa. Akacheka, akasema hiyo ndiyo kazi aliyotaka kunipa.

Walikitoa kile kiti stoo, wakakifuta vumbi mbele yangu. Wakaniletea chai. Nikapewa simu nijitoe. Nilibonyeza, nikasikiliza, nikabonyeza, nikarudishwa nilikoanza, nikauziwa unga, nikabonyeza. Nilipokwama, hakuna aliyeandika cha kurekebisha. Walitazamana wakatabasamu. Nilikwenda hivyo siku nne za Jumanne, na kila nilipokwama zaidi, ndivyo Marashi alivyonisifu zaidi. Kwa dada, nikikwama mlango unapanuliwa. Kwa huyu, nikikwama ndio mlango umekamilika. Nilielewa Jumanne ya pili, Kaka, sitakudanganya kwamba nilichelewa kuelewa. Nilirudi nyumbani nikaosha mikono mara tatu na ile harufu ikabaki.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito.

Unamkumbuka fundi viatu wa mkabala na duka langu, aliyekushonea mpira wako wa ngozi ukiwa mdogo na akakataa ujira. Ana presha, na ni mmoja wa wagonjwa wa kwanza wa dada. Tangu matangazo yaanze alikuwa akipigiwa simu hadi mara kumi kwa siku, lakini yeye na wenzake wachache walikuwa wanafaulu kujitoa. Kule ofisini walishangaa watu hawa wanatokea wapi. Walipekua wasione kitu. Jumanne ya nne Marashi aliniuliza kama dada aliwahi kuniambia lolote.

Aliwahi. Ilikuwa siri yetu. Dada alisema mtu aliyetishika hasikilizi maelekezo, hushika kitufe kimoja na kukikandamiza, kama baba alivyokuwa akifanya. Basi alificha njia ndani kabisa, kwenye ile kazi ya mwanzo ambayo hakuna anayeigusa: ukibonyeza sifuri ukaing'ang'ania, unapelekwa moja kwa moja kwa muuguzi, mtu mwenye pumzi, umwambie shida yako naye aimalize. Wagonjwa wake aliwaambia kwa mdomo. Ofisini aliniambia mimi peke yangu.

Niliwaonesha. Sikulazimishwa wala sikutishwa. Nilishika simu, nikaweka kidole kwenye sifuri, nikawaambia tazameni. Tangu dada afe hakuna aliyeniuliza neno lolote ninalolijua mimi na wengine hawalijui. Marashi alipiga makofi, akasema huyu ndiye mtaalamu. Nami nikatabasamu. Nilikuwa naona fahari, Kaka, fahari. Msichana mmoja wa kompyuta aliinamisha uso, hakunitazama tena. Wakanipa picha kubwa ya dada yenye fremu, nikaibeba kifuani hadi nyumbani kama mtu aliyeshinda tuzo.

Kesho yake njia ikafungwa. Fundi viatu alikuja dukani akiwa ameshika kidole gumba, akaniuliza kwa mzaha kama dada yetu amehamia ng'ambo siku hizi, maana anabisha sifuri hadi kidole kinakufa ganzi na hafunguliwi. Nilimwambia sijui. Akachoka kuuziwa unga, akaanza kuzima simu kutwa nzima, na ile simu ya dawa ikazimwa pamoja nayo. Siku ya tisa alianguka na kiatu cha mtu mkononi. Yuko hai. Mdomo umevutwa upande, na mkono wa kushonea hausikii. Nilipokwenda kumwona alisema, kwa maneno yanayoteleza, kwamba kosa ni lake, zee jinga lisilojua kutumia simu.

 Nilikuwa nimekaa pale, nimeshika mkono wake ule uliolala, nikamwacha aamini hivyo. Nilimchukia Marashi miezi yote hii, lakini kinyaa nilichokiona siku ile kilikuwa cha vidole vyangu mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo nilishona mimi.

Nilipotoka nilisimama barabarani, nikapiga ile namba, nikakandamiza sifuri. Dada akapokea. Kwa upole wake wote akaniambia, “Samahani, umekosea.” Nyuma yake hakukuwa na cherehani.

Jana nilirudi kwa fundi viatu nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe.  Kisha akaniuliza kama najua kushona ngozi, maana ana viatu jozi kumi na nne vya watu na mkono mmoja. Sijui kama huo ni msamaha. Nimeanza kushona.

Saini yangu nimewaandikia kuwa naiondoa, wakasema wanasubiri yako. Usipotia yako, sauti itabidi izimwe, yote, pamoja na ile inayomwamsha mama. Nilimhofia sana mama kwa hili. Nilimwambia hata hivyo, tena sikumficha la sifuri. Alisema mtoto wake alimzika mara moja, na huyo anayezungumza sasa, naye azikwe. Halafu akaiweka simu ndani ya kopo la unga na kulifunika. Sijui kama unga huo aliuchagua kwa makusudi. Nawe unamjua mama.

Fanya utakavyoona, wewe ndiye mkubwa. Mimi nimekwisha kusema.

Wasalimie shemeji na watoto, mwambie yule mdogo asizibe mdomo akicheka. Fundi viatu anauliza kama ule mpira bado unao. Mama anakusalimu sana. Nilipekua sanduku nikavipata vile vifuniko vyetu, cheupe na cheusi, nimevifua. Asubuhi hii nimemwamsha mwenyewe, amekunywa cha kifuniko cheupe, akaniambia amenisikia.

Ni mimi mdogo wenu nyote wawili,

Kitindamimba