Tundu la Juu ya Kitanda

Mokhotlong, 8 Mei 1991

Baba mpenzi,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje na baridi hii? Mimi mzima, ila upweke unanila. Huku milimani nafundisha peke yangu watoto arobaini na watatu, na mtu mzima wa kuongea naye sina.

Jumamosi akina mama walikuja kulipaka darasa udongo na samadi, wakachora maua ukutani kwa vidole, likapendeza kweli. Kwa kunihurumia wakaziba na matundu ya hewa. “Baridi itakuua, Mwalimu, na mume wa kukupa joto huna!” wakacheka. Sasa jiko la makaa linawaka katikati, na ikifika saa nne watoto wanasinzia, wengine wanaumwa kichwa na kutapika. Msichana mmoja, Refiloe, nimemchapa kwa uvivu. Nimekosea wapi?

Mwanao,
Lineo

Semonkong, 14 Mei

Mwanangu Lineo,

Salamu nyingi. Kifua ni kilekile cha migodini. Miaka kumi na tisa chini ya ardhi kazi yangu ilikuwa kutundika maturubai ya kuongoza hewa. Anayesinzia hachapwi, hutolewa nje! Moshi unaouona si kitu. Hewa ya makaa isiyoonekana wala kunuka ndiyo inayoua. Toboa matundu leo. Jiko likae nje, mpashe mawe, kila mtoto akumbatie lake ndani ya kitambaa. Na umwombe Refiloe radhi.

Mimi naamka na kichwa kizito kila asubuhi, uzee tu.

Baba yako

Mokhotlong, 27 Mei

Baba,

Shikamoo. Mawe yamefaa. Akina mama walinuna: “Umetoboa maua yetu, Mwalimu!” Watoto ishirini wakazuiliwa nyumbani. Kisha mama yake Refiloe akapita nje, akamsikia binti yake akisoma ukurasa mzima bila kusinzia. Kesho yake wote wakarudi.

Lakini Baba, kichwa hicho si uzee. Ni kichwa cha wanafunzi wangu. Mama aliliziba tundu la juu ya kitanda majira ya baridi yake ya mwisho, na jiko lako liko humo humo. Litoboe. Nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Lineo

Mokhotlong, 7 Juni

Baba,

Uko salama? Basi limepita mara tatu bila barua. Dereva anasema hajakuona kituoni. Naogopa.

Lineo

Semonkong, 13 Juni

Mwanangu,

Nipo, usiogope. Nilinyamaza kwa aibu. Mtu wa kazi ile, ningekosaje kujua? Nilijua. Ila kuta zote majirani wamezipaka upya, na pale tunduni tu ndipo zilipobaki alama za vidole vya mama yako. Kila jioni niliweka vidole vyangu vinne kwenye mistari yake minne.

Juzi nimelitoboa. Nililia, sikufichi. Kipande kimoja kimetoka na mistari yote minne, nimekiweka mezani.

Kichwa hakiumi tena. Baridi inaingia, na chumba kimekuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja. Shule ikifungwa, njoo. Nitapasha mawe mawili.

Baba yako