Kisima Hakichimbwi na Mtu Mmoja

Kitale,
14 Machi 2004

Kwako Baba,

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta na nafuu. Mimi ni mzima. Huku mvua imeanza na watu wote wako mashambani wanapanda.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Ni miaka mitano tangu tumzike mama, na sijakuandikia hata mstari mmoja. Mjomba Mukhwana alipita hapa kwa Bwana Gurdip, mahali ninaposhona sare za shule, akaniambia kiharusi kilikushika ukiwachimbia watu kisima, ukijitayarisha kuteremka. Ati mguu na mkono wa kulia haisikii tena. Ati ulilala hospitali ya Lugulu wiki tatu. Wiki tatu, Baba, na hukumtuma mtu kuniita.

Lakini kwa nini nishangae? Hata mama alipokuwa anavimba tumbo hukumwita mtu. Akina mama wa kanisa walikuja na machela wambebe hadi Lugulu, ukawafungia lango. "Mke wangu nitamwuguza mwenyewe." Maneno hayo niliyasikia nikiwa jikoni. Siku ya tisa ukampakia kwenye baiskeli, na madaktari wakakwambia umechelewa.

Sikuandika ili tugombane. Nauliza tu, nani anakupikia? Nani anakuogesha? Ukihitaji kitu, sema. Ingawa nakujua, hutasema.

Binti yako,
Fridah


Bumula,
2 Mei 2004

Mwanangu Fridah,

Pokea salamu zangu. Niko hai, ng'ombe yuko sawa, mahindi yametoka vizuri kwa sababu majirani walinipandia. Wewe je? Mjomba wako anasema umekonda. Unakula?

Mwandiko huu usikuogopeshe. Ni wa mkono wa kushoto. Nilianza kuandika Jumatatu na leo ni Jumapili.

Unauliza nani ananiogesha. Ni Dinah, yule mjane anayeongoza akina mama wa kanisa. Ndiyo, huyo huyo niliyemfungia lango.

Siku ya kwanza alipoingia na beseni niligeukia ukutani. Nikamwambia, "Nenda, nitaoga mwenyewe." Akasema, "Haya, Wabwile. Oga, nakungoja." Akaketi kwenye kiti. Nikajaribu kuinuka, nikaanguka chini kama gunia la mahindi. Nilifikiri atanicheka, ama atanikumbusha mama yako. Aliniinua tu, akachovya kitambaa majini, akasema, "Si tuanze na uso?" Nililia mbele ya mwanamke, mimi Wabwile.

Nimechimba visima zaidi ya miaka thelathini na kila mahali nilijisifu kwamba sijawahi kumwomba mtu hata chumvi. Sasa nalala hapa nikiwaza, kwani nilikuwa nateremkaje kule chini? Kwa kamba. Na kamba ilishikwa na mjomba wako. Angeiachilia siku moja tu, ungekuwa yatima. Maisha yangu yote nimeshikwa, nikisema nimesimama.

Hata ile sala aliyotufundisha Bwana, ambayo nimeisema tangu utotoni, niliipitia polepole nikaona kwamba karibu yote ni kuomba tu. Chakula, msamaha, kulindwa. Nilikuwa naisema kama mtu anayetoa amri. Juzi niliisema kama mtu asiye na kitu, na Fridah, kuna mzigo uliotoka kifuani. Mguu hautembei, lakini ndani yangu kuna mtu aliyefunguliwa. Sijui nieleze vipi.

Baba yako,
Wabwile


Kitale,
30 Mei 2004

Kwa Baba,

Nimepata barua. Hujambo? Mimi sijambo.

Nafurahi kwamba umefunguliwa. Nauliza, mama je? Yeye atafunguliwa na nani? Alikufa akiwa na kiu ya kushikwa na mikono mingine isiyo yako. Wewe umejifunza kuomba msaada mwili wako ulipokukataa. Wake ulipomkataa ulisimama langoni. Sasa unaogeshwa na mikono ile ile uliyomnyima, na unaniandikia habari za furaha.

Usinitumie mahubiri. Mimi ulinifundisha vizuri. Sitegemei mtu. Nimejilipia chumba mwenyewe, nimejinunulia cherehani mwenyewe, na nikiumwa ninafunga mlango.

Fridah


Bumula,
20 Juni 2004

Mwanangu,

Salamu tena. Ulichosema ni kweli, neno kwa neno. Sina la kujitetea.

Nilimpenda mama yako. Lakini nilipenda zaidi kuonekana mwanaume asiyeomba. Nilifikiri huo ndio uhuru, kumbe nilikuwa kama mbwa aliyefungwa mlangoni mwake mwenyewe, anabwekea kila anayekuja kumfungua. Na mama yako ndiye aliyelipia.

Nimeshamwambia Mungu. Nimemwambia Dinah mbele ya kanisa lote. Sasa nakwambia wewe, nilikosa. Nisamehe. Usiponisamehe pia nitaelewa.

Neno moja linanisumbua usiku na mchana. "Nikiumwa ninafunga mlango." Fridah, unaumwa?

Baba yako


Bumula,
12 Septemba 2004

Mwanangu Fridah,

Hujambo? Hii ni barua ya tatu tangu Juni bila jibu. Labda zinapotea posta. Labda hazipotei.

Sasa nafika mlangoni kwa mkongojo, Mukhwana akinishika upande mmoja. Mahindi majirani wamevuna wenyewe, wakanijazia ghala, wakaenda hata chai hawakunywa.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Naomba tu uandike neno "mzima", hata kama ni hilo peke yake.

Baba yako


Kitale,
9 Januari 2005

Baba,

Nisamehe kwa kunyamaza. Natumaini mkono wa kushoto bado unaandika.

Siwezi kuandika "mzima."

Nilipokuandikia mara ya kwanza nilikuwa tayari na uvimbe kwenye titi, mdogo kama punje ya mahindi. Nikajiambia utaisha. Ukakua. Nikajishonea sidiria yenye kitambaa kizito ndani ili pale kazini wasione. Ulipouliza kama naumwa nilirarua barua yako vipande viwili, halafu nikaviokota na kuviweka.

Mwezi wa kumi na moja nilianguka dukani, juu ya rundo la sare. Bwana Gurdip alitaka kunipeleka hospitali kwa gari lake. Nikamwambia, "Asante, nitaenda mwenyewe." Nikarudi nyumbani, nikafunga mlango. Ni Wacera, jirani yangu anayeuza mboga, aliyesimama nje tangu asubuhi mpaka jua likakaribia kuzama. "Fridah, sitoki hapa. Kama ni kufa, utakufa ukiwa umenifungulia." Nikamfungulia, akanipeleka hospitali.

Daktari amesema ugonjwa umeenea hadi kwenye mapafu. Amesema kwa upole sana. Aliniuliza kwa nini nilikaa mwaka mzima, na jibu nililijua, Baba. Nilichukia ulichomfanyia mama, kisha nikajifanyia mwenyewe. Lango lile nilihama nalo.

Krismasi Wacera aliniosha nywele. Nilikumbuka habari yako ya beseni. Nilipoinamisha kichwa mikononi mwake nikasema kimoyomoyo, Mungu, mimi siwezi tena, nishike. Sikuona mwanga wala kusikia sauti. Nililala tu, usingizi ambao sijaupata kwa miaka.

Papa. Hivyo ndivyo nilivyokuita nikiwa mdogo. Siwezi kuja mwenyewe. Njooni mnichukue.

Fridah wako


Bumula,
16 Januari 2005

Fridah, mwanangu, mama yangu,

Barua yako imefika jana. Leo nimeomba wanibebe hadi kanisani. Nilipopewa nafasi ya kusema nimesimama kwa mkongojo nikasema, "Watu wangu, mlikuja kwangu mara moja na machela nikawafukuza. Leo nawaomba mniletee binti yangu. Sina haki ya kuomba. Naomba tu." Dinah alikuwa ameinuka kabla sijaketi. Watu wengine wakainuka, na wengine. Mwisho nikawa mimi ndiye niliyebaki nimekaa.

Watafika Jumamosi kwa gari la mtu wa kanisa. Mukhwana atakuwemo, na Dinah. Mimi daktari amenikataza safari, nami nitatii, ingawa moyo uko huko. Usifungashe chochote. Usikunje hata nguo. Wao watakufanyia.

Kitanda chako nimeomba kiwekwe sebuleni, karibu na changu.

Papa


Bumula,
17 Aprili 2005

Kwako Wacera,

Pokea salamu kutoka kwa mtu usiyemjua ila kwa habari. Mimi ni Wabwile, baba yake Fridah. Natumaini wewe na watoto mko salama, na mboga zinauzika. Kwa muda mrefu jina la Kitale nililokuwa naandika juu ya bahasha lilikuwa moja tu. Leo nimeandika jina lako.

Fridah alitutoka tarehe tano mwezi huu, Jumanne asubuhi, watu wakichuma kunde hapo nje. Tumemlaza karibu na mama yake. Mukhwana alikuletea habari, lakini nilitaka uyasikie mengine kutoka kwangu, kwa sababu wewe ndiye uliyemfungulisha mlango.

Alikaa nasi wiki kumi. Wiki ya kwanza alikuwa mkaidi kama mimi. Dinah akileta uji, yeye anataka kushika kikombe mwenyewe, uji unamwagika blanketini. Siku moja alinitazama kutoka kitandani mwake, nami nikiwa nimelala kwangu nikingoja kugeuzwa, akaanza kucheka. "Papa, hebu tutazame. Watu wawili wasiotegemea mtu." Tulicheka mpaka akashikwa na kikohozi, na Dinah akaja mbio akitugombeza. Tangu siku hiyo aliachia kikombe.

Jioni moja aliniuliza, "Siku ya mwisho ulimwambia mama nini?" Swali hilo nilikuwa naliogopa miaka sita. Nikasema ukweli. "Nilimwambia, vumilia, nitakuponya mwenyewe." Aligeukia ukutani. Nilidhani amelala. Halafu akasema, "Mimi pia nilijiambia hivyo. Mwaka mzima." Akanyoosha mkono kati ya vitanda viwili. Mkono wangu ulio upande huo ni ule uliokufa, hauwezi kushika. Akaushika yeye.

Maumivu yalikuwa makali, sitakudanganya. Kuna siku alilia kutoka macheo mpaka machweo, nami nilimwuliza Mungu maswali ambayo siwezi kuyaandika. Lakini hofu ilimtoka. Kila akina mama walipomgeuza alisema, "Asante," basi, bila kuomba radhi kwamba anawasumbua. Nilimwuliza kama hachoki kubebwa. Akaniambia, "Papa, nilichoka kujibeba." Siku mbili kabla ya kutuacha aliomba kwa sauti ndogo, akasema, "Bwana, sina chochote cha kukuletea, naja nikiwa nimeshikwa hivi hivi." Dinah akasema amina.

Sasa Wacera, nitakwambia jambo ambalo watu hapa hawalijui. Tangu mazishi sijaweza kusali. Nafungua kinywa, maneno hayaji. Najua niliyemwamini, sijamwacha, ila kitanda cha kando yangu kimetandikwa na hakuna mtu, na kila nikisema "Baba" kwa Mungu nasikia sauti ya Fridah akiniita mimi. Zamani ningejikaza, niseme niko sawa. Leo asubuhi nimemwambia Dinah, "Sina sala." Akaketi hapo kitandani, akaniombea, akaenda kupika.

Nawe nakuomba hivyo hivyo. Uniombee mpaka maneno yangu yarudi. Na kama una nafasi, niandikie. Uniambie alivyokuwa siku ulipomwosha nywele, maana hilo sikuliona.

Ni mimi,
Baba yake Fridah