Gunia la Mheshimiwa

Katelembo, Jumanne usiku

Bado mikono inanuka mafuta ya taa.

Juzi mheshimiwa alipogawa mahindi alikula sahani nzima ya muthokoi, mahindi hayo yakiwa yamekobolewa na kupikwa, mbele ya watu, wakampigia makofi. Mimi nilifanya kazi kwenye maabara ya nafaka hadi nikastaafu. Nilipoona ukungu kwenye gunia letu nilimwambia Mwende, mke wa mwanangu, kwamba lina sumu, na kuyakoboa mahindi na kuyaosha hakutaiondoa yote.

“Baba, mheshimiwa amekula na hajafa. Wewe hata kuonja umekataa.”

Nilimweleza kwamba sumu hii huharibu ini polepole. Akaniambia nipumzike.

Leo alipokwenda sokoni nilijikokota hadi stoo, nikalimwagia gunia lote mafuta ya taa.

Amelia jikoni jioni nzima. Nakiri kwamba naogopa kufa nikikumbukwa kama mzee aliyerukwa na akili akaharibu chakula wakati wa njaa. Tena gunia jingine likija, sitakuwa na nguvu za kufika stoo.

Wajukuu wamekunywa chai ya rangi, wakalala na njaa. Nimekaa nawasikiliza wakipumua.