Mayungiyungi Kutoka Chini

Jumatatu, 1 Oktoba 1979
Nimelala chali tena bustanini kabla ya kwenda kufundisha. Migomba juu, mayungiyungi ya mama usoni. Shati chapachapa kwa umande. Ukiwa chini, ua moja linafunika mlima mzima. Nimepiga picha moja. Zimebaki tatu, na Moshi mjini filamu hazipatikani.

Jumatano, 3 Oktoba
Nimegundua kwa nini filamu iliyopita ilirudi na maua meusi. Kipima mwanga kilikuwa kinasoma anga, si ua. Leo nimefungua lenzi hatua mbili zaidi. Ukungu ulishuka hadi magotini, nikawa kama naelea. Nimepiga moja. Nimechelewa shule na sijutii.

Mama anasema nitaota mizizi.

Jumamosi, 6 Oktoba
Nimeharibu. Nilikuwa najisogeza kwa mgongo kutafuta pembe, kiwiko kikaangukia maua. Mashina matano. Yote ya kaburi la baba. Mama aliyapanda kwa mkono wake tulipomzika hapa kihambani, shamba la ukoo, na kila Jumamosi huyakata kwa ajili ya altare ya kanisa. Aliyatazama, akaingia ndani.

Jumapili, 7 Oktoba
Altare bila maua. Mama hanisemeshi. Najichukia.

Jumanne, 9 Oktoba
Bado. Ananiwekea ndizi mezani, anatoka. Tuko wawili tu nyumbani. Kamera nimeifungia sandukuni. Usingizini nimeona maua meupe yakishuka kutoka juu, na mimi sina mikono ya kuyadaka.

Alhamisi, 11 Oktoba
Nimeshindwa kuvumilia. Nimekata jani la isale mpakani, nikalipiga fundo, kama tufanyavyo huku mtu aliyekosa akiomba msamaha. Nilipaswa kumtuma mzee anisemee. Nimelipeleka mwenyewe, kwa mikono miwili. Nimeogopa kweli. Anayepelekewa isale hakatai kusamehe, lakini mama alikaa nalo muda mrefu mno.

Halafu akaniuliza natafuta nini kule chini. Nikaanza kueleza habari za mwanga, akanikatiza.

“Basi malizia picha zako,” akasema. “Ila ulale upande wa migomba.”

Nimelia kidogo, nyuma ya zizi.

Jumamosi, 13 Oktoba
Jua jembamba baada ya manyunyu. Nimelala kando ya kaburi, shavu kwenye udongo. Lenzi nimeifungua hatua mbili na nusu. Upepo ulikuwa unayumbisha ua, mama akaja akalishika shina bila kuombwa. Nimepiga zote mbili. Filamu imekwisha.

Ijumaa, 2 Novemba
Siku ya Marehemu. Tumetoka misani, nikapitia picha mjini. Tatu hazifai. Ya mwisho imetoka. Ua ni jeupe, anga limefifia nyuma yake, pembeni vidole viwili vya mama.

Ameipeleka dirishani. Ameitazama mpaka chai yake ikapoa.

“Kumbe baba yako huyaona hivi,” akasema.

Ameiweka kwenye kitabu chake cha sala. Kesho tunakata maua ya altare.