Ruhusa ya Ijumaa

Dada Mwanaisha,

Wewe na wapwa zangu hamjambo? Joto la Mahajanga limenimenya, na leo nusura tushikane mashati kwenye haya mashindano ya michezo ya kadi niliyokuja kuamua kwa kujitolea. Tumepewa fulana na sahani ya wali, basi. Hata hivyo saa ya kuingia tumepangiwa, na kuketi ni marufuku.

Adhuhuri, mwamuzi mwenzangu Saidi, Mngazija mzaliwa wa hapa, aliaga kwamba tunakwenda kuswali Ijumaa. Mwandalizi akaziba mlango kwa mkono. "Hakuna ruhusa. Zamu yenu haijaisha."

Saidi akamjibu kwa Kifaransa, taratibu hata mimi nikaelewa: "Harusini kwetu watu wanapika bure, na hakuna anayewazuia kwenda msikitini. Anayenyima ruhusa ni tajiri anayekulipa mshahara. Wewe umetuajiri lini?"

Tukapita chini ya mkono wake.

Tuliporudi, bawabu alikuwa na amri: tusiingie, na fulana tuzivue pale pale.

Nakuandikia ufukweni Amborovy, nimebaki na singlendi, nakula mishikaki. Nibusie watoto. Mama akiuliza, mwambie mwanawe amefukuzwa kazi ambayo hakuajiriwa.

Nduguyo,
Athumani